Juu ya Kutundika Kiyoyozi

Joto la pwani halihitaji kuhadithiwa kwa mtu aliyepata kulionja. Katika mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijaanza kuvuma, Mombasa huwa kama chungu kilichofunikwa: nguo huganda mwilini, karatasi hunata mkononi, na mwanafunzi hushindana na usingizi kuliko anavyoshindana na hesabu zake. Wazee wetu waliijua dawa ya adha hii. Walijenga nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, wakaacha ua katikati, na upepo ukaingia bila ya kulipiwa. Sisi twajenga kuta nyembamba chini ya mabati, na ubaridi tulioupoteza bure twaununua kwa fedha.

Chombo tunachonunua ni kiyoyozi. Aliyekibuni ni Mmarekani, Willis Carrier, mwaka 1902, wala hakukibuni kwa ajili ya starehe ya watu. Alikusudia kusaidia kiwanda cha uchapaji katika Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulivuruga karatasi na kufanya rangi zisipatane. Aghalabu siku hizi kiyoyozi huwa cha sehemu mbili: moja hutundikwa ukutani ndani ya chumba, na nyingine hukaa nje. Yafaa msomaji afahamu kwamba chombo hiki hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Sehemu ya ndani hulinyonya joto la chumba, gesi hulichukua ndani ya mabomba ya shaba, na sehemu ya nje hulitupa. Hewa inapopita juu ya mabomba yaliyopoa, unyevu wake hugeuka maji, kama bilauri ya maji baridi itokwavyo na jasho mezani. Maji, umeme na gesi: mambo matatu haya hukutana ndani ya sanduku moja juu ya vichwa vya watu. Kwa sababu hiyo kulitundika si kazi ya kubahatisha.

Nilipata kuwatazama mafundi wawili wakiifanya kazi hiyo katika maktaba ya shule, mmoja mzee na mwingine kijana anayejifunza kwake. Mzee hakuanza kwa keekee, alianza kwa kidole. Aligonga ukuta mahali hapa na pale akisikiliza, maana plasta iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu, na skurubu iliyoshika plasta peke yake haikushika kitu. Alitafuta mahali palipo juu ya kimo cha mtu, akaacha nafasi ya sentimita 15 chini ya dari ili hewa iingie, na akaepuka kukaa juu ya kompyuta na rafu za vitabu, akisema kwamba hakuna chombo cha maji kisichovuja siku moja. Vilevile alitazama swichi na soketi zilipo. Waya zilizofichwa ukutani kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka hapo, au hukata kwa ulalo, na mwenye kutoboa katika njia hiyo huenda akakutana nazo.

Hapo palitokea ubishi. Mkubwa mmoja alitaka umeme usizimwe, kwa kuwa kulikuwa na kazi ya kuchapwa kabla ya adhuhuri. Mzee aliweka keekee chini, akajibu kwa adabu, “Bwana mkubwa, kompyuta zikizimwa huwashwa tena. Kijana huyu akizimwa, nani atamwasha?” Pakawa kimya, na umeme ukazimwa. Wala mzee hakutosheka na kushusha swichi kuu. Alimweka mtu alinde pale asije mwingine akaipandisha, kisha akapima waya kwa kifaa chake, baada ya kukijaribu kifaa chenyewe mahali penye umeme ili ajue kwamba hakisemi uongo. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240, nao hauna rangi wala harufu wala sauti ya kumwonya mtu. Kwa kutoboa alitumia keekee ya betri.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu. Kwanza kilifungwa kibao cha bati kinachobeba chombo, kikanyooshwa kwa pimamaji na kukazwa kwa skurubu zilizofika ndani ya jiwe, na mzee akakivuta kwa nguvu zake zote kabla ya kukiamini. Ndipo likatobolewa tundu la mabomba, upana wake kiasi cha milimita 65. Kijana alivaa miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi, na mtu alisimama upande wa nje kuwaonya wapitao chini. Tundu hilo halikwenda sawa: upande wa nje ulishuka kidogo kuliko wa ndani, kwa milimita chache tu. Kijana yule nilimfundisha hesabu za pembe, na wakati ule aliziona hazina faida. Siku hiyo alinieleza mwenyewe, “Mwalimu, mteremko huu ukikosa, maji yatarudi chumbani.” Mpira wa kutolea maji ulipita chini ya mabomba ya shaba, bila kupanda mahali popote. Mwishowe chombo, ambacho uzito wake ulikaribia kilo 10, kiliinuliwa na watu wawili juu ya ngazi mbili, si na mmoja anayejivunia misuli yake. Kisha walimimina maji ndani ya kisinia chake, wakatoka nje kuhakikisha kwamba yanatiririka.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya ujuzi wa pekee, na hapa namwomba msomaji asijaribu kuiga. Nati za mabomba hukazwa kwa spana mbili, moja ikizuia na moja ikizungusha, ili shaba isipotoke. Uvujaji hupimwa kwa gesi ya naitrojeni na povu la sabuni. Kamwe haupimwi kwa oksijeni, maana oksijeni yenye msukumo ikikutana na mafuta ya mashine huweza kulipuka. Kisha hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu kabla gesi haijaachiliwa. Gesi iitwayo R-32, inayotumiwa katika viyoyozi vingi vipya, huweza kushika moto. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujilimbikiza chini na kumnyima mtu pumzi katika chumba kilichofungwa. Umeme nao hutaka njia yake peke yake, yenye swichi ya kujikata yenyewe na waya wa ardhi, na hapa Kenya kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli.

Nimesikia watu wakisema kwamba mafundi wa namna hii ni ghali, na kwamba yuko mwingine mtaani atakayemaliza kazi kwa nusu ya malipo na nusu ya muda. Ni kweli yuko. Lakini tujiulize kile anachopunguza. Hapunguzi baridi, kwani chombo kitavuma vilevile. Hupunguza waya wa ardhi usioonekana, skurubu isiyoonekana, na kipimo ambacho hakuna atakayeuliza kama kilipimwa. Mnunuzi hufurahia akiba yake, na hatari humwangukia mtoto anayelala chini ya chombo, au kijana aliyepandishwa ngazini umeme ukiwa hai.

Enyi vijana mnaosoma, baadhi yenu mtakuwa mafundi, na wengi zaidi mtakuwa waajiri wa mafundi. Aliye fundi asione haya kusema “zimeni kwanza” mbele ya mkubwa. Aliye mwajiri asione uzito kungoja. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na saa moja ya joto haijapata kumwua mtu kwa wepesi kama waya mmoja uliosahauliwa.