Muda Hauchangishwi

Jumamosi, 4 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kinatangazwa tangu juzi, na boti za Unguja zimesimama. Dada alikuwa arudi leo. Aliyenipa habari mapema ni kijana wa bandarini tuliyesalimiana msibani mara moja tu, tukapeana namba. Dada hakuhangaika kwenda gatini na mizigo yake. Kujuana na watu kuna faida, sitaibeza. Kwenye magrupu ni video moja ile ile ya mawimbi, kila mtu kaituma kana kwamba kaipiga yeye.

Jumatatu, 6 Mei

Hidaya iliishiwa nguvu ilipofika Mafia. Hapa Temeke ni upepo na mvua tu. Wengi wamepiga kuuliza "mko salama?", nikajibu "tuko salama, alhamdulillahi", basi. Shoga wa Mtoni hakuuliza hivyo. "Umemeza dawa ya presha, au unangoja kichwa kigonge kwanza?" Anajua kwamba nikiingiwa na wasiwasi, cha kwanza kusahau ni kidonge. Tulikesha wodini miaka mingi, zamu za usiku, na ikifika saa kumi alfajiri mtu hana tena nguvu ya kujifanya mwingine. Ndiyo maana kwake sianzi habari mwanzo.

Jumamosi, 11 Mei

Kikao cha harusi ya mtoto wa kaka. Mimi katibu, nasoma majina: wa ofisini, wa msikitini, wa mtaa tuliohama, wa vikoba. Kaka anasema mtaji ni watu, ukumbi haujazwi na mashoga wawili. Kweli. Harusi zetu zinasimama kwa michango ya watu wanaojuana nusunusu. Aliyechangiwa jana ana deni la kuchangia kesho.

Bwana harusi mwenyewe kasoma sosholojia. "Shangazi," akasema, "Mmarekani mmoja, Mark Granovetter, alieleza mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huja kupitia watu wa mbali, kwa sababu wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe." Nikamkumbuka kijana wa bandarini. Akanitajia pia Mwingereza Robin Dunbar, aliyekadiria kwamba binadamu humudu uhusiano na watu kama 150, na katika hao, wa ndani kabisa hawazidi watano hivi. Sababu yake imenikaa kichwani: ukaribu hulipiwa kwa muda. Na muda hauchangishwi. Huwezi kupitisha daftari watu wakuongezee jioni mbili mbili.

Jumatano, 15 Mei

Nilipanga kuahidi laki tano, nusu nikope vikoba. Nikampitia shoga Mtoni, nikamweleza kama mtu anayetoa taarifa tu. Akaacha kuchambua mchicha.

"Laki tano za nini, shoga? Ada ya mjukuu hujamaliza. Unataka kusifiwa kwenye kipaza sauti?"

Nilichukia. Nikanywa chai kimya, nikaaga mapema.

Usiku huu nimewapitia wote walio kwenye orodha ya kikao: nani mwingine angethubutu? Wangenipongeza, na wangefanya la adabu, kwa maana hesabu za nyumbani kwangu haziwahusu. Urafiki husifiwa kwa faraja, lakini hata jirani mpya hufariji vizuri msibani. Anayeweza kukuzuia usifanye jambo unalolitamani lazima awe anazijua hesabu zako, na wewe uwe umemruhusu kuzijua. Ruhusa hiyo ukiigawa kwa watu hamsini, kila asubuhi utaamka na rai hamsini na yako huioni.

Ijumaa, 17 Mei

Nimeandika laki mbili. Bado naona alizidisha kwenye neno la kusifiwa, na leo nimempigia kumwambia. Akacheka. "Nimezidisha. Na ada je?" Tukahamia kwenye goti lake linalomsumbua.

Jumapili, 19 Mei

Bwana harusi kanitumia muhtasari wa mawazo ya mwanafalsafa Aristotle. Aristotle anataja urafiki wa faida, wa starehe na wa wema, na anasema huu wa tatu hauwezi kuwa na watu wengi, kwani unataka muda wa kuzoeana. Hata msemo wa zamani anaukumbusha, kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Hapo namkubali bila ubishi. Ila ule wa faida anauweka chini mno kwa mtu aliyewahi kuwa na ndugu aliyekwama Unguja.

Kwa hiyo sipunguzi mtu kwenye simu yangu. Wa mbali nitawapa haki yao: salamu, rambirambi, mchango kwa wakati. Ila nisiwape siku nzima nzima, halafu wa karibu wakabakiwa na "nitakupitia Mungu akipenda". Tangu nistaafu nimeona jinsi vikao vinavyomeza wiki, na hakuna kikao kinachogundua kwamba fulani hakuja.

Alhamisi shoga ana kliniki ya goti, na mkutano na mwenye ukumbi umewekwa asubuhi hiyo hiyo. Daftari nimemkabidhi wifi. Kaka amenuna kidogo, ila hesabu za ukumbi wifi anaziweza kuliko mimi. Kwenye foleni ya kliniki shoga anahitaji mtu wa kumkumbusha kumwambia daktari ukweli, kwa sababu akiulizwa kama goti linauma atasema halijambo.