Kijiko kwa Kijiko
Hapa Mulungwishi, upendo kwa mgonjwa huonyeshwa kwa sahani. Majirani huleta bukari na sombe, nao hungoja waone anakula. Lakini mama wa nyumba yetu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ili uzito upungue na kisukari kitulie. Majuma ya kwanza ni vinywaji tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa, baadaye vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini. Anakunywa funda dogo dogo, nasi twamhimiza atembee uani ili damu isigande miguuni. Homa au maumivu makali yakizuka, hatungoji kesho, twarudi hospitali.

Jambo zito zaidi ni ndimi za watu. Kwetu unene huhesabiwa kuwa dalili ya nyumba yenye amani, na kukonda huzua minong'ono. Sisi tunaofundisha kwamba mwili ni amana ya Mungu twapaswa kusema wazi: kukataa sahani si dharau. Ndugu mpendwa, ukija kumtazama mgonjwa wa namna hii, acha bukari nyumbani. Keti naye, sali naye, kisha umsindikize hatua chache uani.