Umekosa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuondoa kifuniko cha soda.

Tulikuwa watu watano kwenye bedsitter moja pale Zimmerman, Jumamosi jioni mwaka 2023, karatasi ya manila imetandazwa sakafuni, miraba imechorwa kwa biro na rula. Maharagwe yalikuwa majambazi. Vifuniko vya soda vilikuwa wachezaji. Mimi sikuwa na kifuniko kwa sababu ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia dunia na kuwachezea maadui wote. Beshte yangu alikuwa mwizi anayeitwa Kiwembe (nitawaita kwa majina ya mchezo tu, wengine wana kazi za maana siku hizi). Mlozi wa kikosi akamgusa Kiwembe begani, akasoma maneno yake, Kiwembe akawa haonekani. Nami nikachukua kifuniko chake nikakitia mfukoni.

"Umenipeleka wapi?" akauliza.

"Si huonekani."

"Sijauliza kama naonekana. Nimeuliza niko wapi."

Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, ni mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mtu ana mhusika wake, mnasimulia pamoja, na panapokuwa na shaka dadu ya pande 20 ndiyo huamua. Sisi tulikuwa na dadu moja ya kweli. Zingine zilikuwa kwenye simu. Tulitumia toleo la tano, lile la 2014, kwa sababu sheria zake za msingi ni za bure mtandaoni na hakuna kati yetu aliyekuwa na doo ya kitabu.

Padre, aliyekuwa anacheza kasisi na ambaye husoma sheria kama mtu anayetafuta pahali pa kukushtaki, akafungua simu akatusomea. Kumbe kutoonekana si kujificha. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu asiyeonekana bado anakanyaga majani, bado anahema, buti zake bado zinaacha alama kwenye matope. Adui anajua mraba aliosimama, isipokuwa atumie zamu yake kunyata na dadu yake ya kunyata ishinde umakini wa adui. Akijulikana alipo, anaweza kushambuliwa. Ila anayemshambulia anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo, naye akishambulia anarusha mara mbili na kuchukua kubwa. Hiyo si tofauti ndogo. Kama ulihitaji 11 kumpiga mtu, nafasi yako ilikuwa asilimia 50. Asipoonekana inashuka hadi 25, na yeye kwa kiwango hicho hicho anapanda hadi 75. Halafu uchawi wenyewe, ule wa kawaida, unadumu hadi saa moja lakini unakatika ukishambulia mtu. Ngumi moja tu, kila mtu anakuona.

Nikarudisha kifuniko kwenye karatasi. Nilikigeuza juu chini, na tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya: kifuniko kilichogeuzwa ni mtu ambaye wachezaji wanamwona lakini majambazi hawamwoni. Hapo shida inakuwa yangu, kwa sababu mimi namwona, na lazima niyachezeshe maharagwe kama sijui kitu.

Kazi ngumu zaidi ni adui asiyeonekana. Wiki mbili baadaye niliwaletea mlozi mwenye ule uchawi mkubwa, unaodumu dakika moja tu lakini haukatiki hata akishambulia. Dakika moja ni raundi kumi. Kwetu ilikuwa karibu saa mbili za ugomvi. Nilikuwa nikimsogeza kichwani tu. Mtu akitaja mraba, nasema hayupo.

"Unamhamisha, buda," Padre akasema. "Kila tukitaja pahali, anatoka."

Nilikataa, nikaapa. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika. Kitu kisichoandikwa popote kinaenda pale unapotaka kiwe.

Kwa hivyo nikanunua daftari. Nikaipa miraba namba, na kabla hawajasema lolote naandika alipo, nafunika na mkono. Mwisho wa pambano yeyote angeweza kusoma. Pia nikaanza kuwapa sauti: kokoto imeteleza upande wa kushoto, mshumaa umeyumba na hakuna upepo. Wao wanakisia mraba, wanarusha dadu. Na hapa kuna kanuni ninayoipenda kuliko zote. Mchezaji akikisia vibaya, shambulio limepotea hata akipata namba nzuri, lakini msimamizi hamwambii kwa nini. Anasema tu, "Umekosa." Labda adui alikuwa hapo ukapiga ngao. Labda ulikuwa unapigana na hewa. Utajuaje?

Kiwembe akamwaga unga. Alikuwa nao kwenye orodha ya mizigo tangu siku ya kwanza, na sheria hazisemi unga unafanya nini, kwa hivyo nikaamua papo hapo: ukimpata, anaonekana hadi mwisho wa raundi. Halafu akasema, "Mraba wa 14," bila kufikiria. Nikafungua daftari. 14.

Usiku ule tulitembea pamoja hadi stage ya Roysambu.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Wewe hupenda kona." Tukapita kibanda cha smokie, akanyamaza kidogo. "Kwani uliacha chuo?"

Nilikuwa nimeacha tangu Januari. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, na sehemu nyingine nilikuwa sijaielewa mwenyewe. Kila asubuhi nilitoka na begi, nikakaa cyber nikiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo ya ukurasa, kazi ambayo jina lako halitokei popote. Nilidhani nimejificha vizuri.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Wiki ya mitihani ulitaka tucheze Jumanne saa nne asubuhi."

Matatu mbili zilipita tukiwa tumesimama tu.

"Mathe anajua?"

"Hapana."

Hakuongeza neno. Yake ilipokuja akapanda, akanipungia mkono dirishani.

Nilimpigia Mama Jumapili, baada ya kanisa, nikiwa nimeandika nitakachosema kwenye lile daftari. Nilimaliza yote kwa pumzi moja. Alinyamaza muda mrefu hadi nikaangalia simu kama kredo imeisha.

"Tangu mwezi wa kwanza hujaniitisha pesa ya kuprinti," akasema. "Wewe, uliyekuwa ukiprinti kila wiki."

Halafu akauliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo, na hiyo ilikuwa kweli.