Mbele ya Kufukuza Pepo, Uliza Sahani



Mwezi huu sitaandika mahubiri. Nataka kuungama kosa langu moja mbele yenu, halafu tuzungumze juu ya taabu moja ambayo wengi wanayo na hawasemi. Mtu hana homa, halali kitandani, anaonekana mzima. Lakini kichwa chake ni kama barabara yetu wakati lori la madini limepita katika miezi ya jua: njia iko, macho yako wazi, lakini vumbi limefunika yote. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Anaingia chumbani na kusahau alifuata nini. Unamwita mara mbili ndipo anaitika. Kwetu tunasema tu: "Kichwa iko nzito."

KIJANA ALIYEKUJA KWANGU

Katika mwaka 2018, kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Kolwezi alikuja kuniona jioni. Yeye ni mchimbaji wa mikono, wale tunaowaita creuseur. Akaniambia: "Pasta, kichwa yangu haishike tena kitu. Naimba wimbo ya kila siku, maneno inapotea."

Mimi sikumuuliza neno. Sikumuuliza anakula nini, analala wapi, wala kama alipima malaria. Nilimjibu haraka, kama mtu mwenye hekima: "Mwanangu, huyo ni adui. Funga siku tatu bila kula, uombe."

Kijana alitii. Lakini nyumbani walingoja feza yake, kwa hiyo siku ya tatu alikwenda kazini hivyo hivyo. Alianguka karibu na mlango wa shimo. Hatua mbili zaidi, na leo ningekuwa naandika habari nyingine. Wenzake walimbeba mpaka hospitali. Walimkuta na malaria, na damu yake ilikuwa kidogo sana.

Alipona, Mungu asifiwe. Mama yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Pasta, mutoto yangu alikuya kwako na njala, ukamuongeza njala ingine."

Ndugu msomaji, neno hilo lilikaa ndani yangu kama mfupa wa samaki. Lakini sikubadilika kweli mpaka zamu yangu ilipofika.

ZAMU YANGU

Mwaka 2021 nilikuwa nimechoka bila kujua kwa nini. Nilifuata maneno ya watu lakini hayakuingia. Siku moja, makaburini, nilisimama mbele ya jamaa yenye kulia, na pahali pa kutaja jina la marehemu nilitaja jina la mdogo wake. Na mdogo wake alikuwa amesimama pale mzima! Ninyi mnajua namna neno kama hilo linavyopokelewa kwetu. Watu walinyamaza. Yule ndugu alitetemeka. Jioni ilibidi niende kwao kuomba radhi, na wengine walikuwa wamekwisha kusema kwamba nimemwona katika maono.

Wazee wawili walitaka kuniombea ili pepo litoke. Lakini kuna mama mmoja shemasi katika kanisa letu, ni muuguzi. Yeye alivuta kiti, akaketi.

"Baba Pasta, jana ulikula mara ngapi?"
"Mara moja, mangaribi."
"Na asubui?"
"Chai tu."
"Ulilala saa ngapi?"
"Saa sita ya usiku. Nilikuwa na telefone, ujumbe ya kanisa ni mingi."
"Uliamuka?"
"Saa kumi, juu ya maombi."

Akahesabu kwa vidole: "Saa ine. Na shamba yako, unalima na viatu?"
"Hapana, mama. Miguu tu."
"Njo vile. Kesho kwenda kituo cha afya, wakupime damu, malaria, sukari na choo. Tutaomba vilevile, lakini upimwe."

Walipima. Malaria, hapana. Sukari, vizuri. Lakini damu ilikuwa imepunguka, na katika choo waliona mayai ya minyoo, ile inayopita katika ngozi ya mguu, inakwenda kukaa matumboni na kunyonya damu. Kumbe wakati nilipokuwa nikitafuta pepo angani, mwizi wangu alikuwa ndani ya matumbo! Nilipewa dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu kwa miezi mitatu. Na mama shemasi akanipa sheria zake. Nazileta kwenu kama nilivyozipokea.

1. SAHANI

Ubongo wa mtu ni mdogo, karibu sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili. Lakini unakula karibu sehemu 20 kwa 100 za nguvu ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Ni mgeni mdogo mwenye kula sana. Kama hukumlisha, hafanyi kazi.

Bukari inashibisha, lakini bukari peke yake haitoshi. Weka pembeni yake maharagi, karanga, lengalenga, matembele au sombe. Ongeza ndakala au yai, hata kidogo, kwa sababu kuna vitamini moja ya damu na ya mishipa ya fahamu, B12, ambayo majani na maharagi hayana. Kamulia ndimu juu ya mboga, au kula pera au chungwa: matunda hayo yanasaidia mwili kuchukua chuma cha mboga ili utengeneze damu. Lakini chai na kahawa pamoja na chakula vinazuia hicho chuma. Kunywa chai yako saa moja baada ya kula. Mimi nilikuwa nakunywa chai nzito katikati ya kila chakula!

Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, kwa sababu jani bichi la muhogo lina sumu.

Asubuhi, mkate na chai yenye sukari nyingi vinakuamsha kwa muda mfupi tu, halafu njaa inarudi mbio. Afadhali uji wenye karanga iliyotwangwa, au kiazi na maharagi yaliyobaki usiku. Na wewe kijana, ile feza ya chupa ya kinywaji cha nguvu, mpe mama anunue mayai. Chupa haikupi nguvu mpya. Inaficha tu uchovu, na kesho uchovu unadai deni lake.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Nakumbuka namna posho ilivyofika nyumbani: unga, maharagi, samaki. Leo wengi wetu tunabaki na unga tu. Siwacheki walio na kidogo. Nasema: hicho kidogo tukigawe kwa akili.

2. MAJI

Mtu anayetoka jasho shimoni au shambani anapoteza maji mengi, na kichwa kinauma na kusinzia. Kunywa maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, mbele ya kusikia kiu. Kama mkojo ni wa rangi nzito, maji yamepunguka.

3. USINGIZI

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kijana wa miaka 14 mpaka 17 anahitaji saa 8 mpaka 10. Hii si uvivu. Wakati wa usingizi ubongo unapanga yale uliyojifunza mchana. Mwanafunzi anayekesha mpaka asubuhi anajaza maji katika kikapu.

Telefone ilale katika chumba kingine. Kahawa isipite saa sita ya mchana. Na pombe, iwe ya chupa au lutuku, inakuangusha haraka lakini inakatakata usingizi usiku. Mama mwenye bwana wa kazi ya usiku, mfungie pazia mchana, watoto wachezee mbali. Hiyo ni huduma kubwa.

4. HEWA NA VUMBI

Hapa nitasema kwa nguvu. Katika miezi ya baridi tunaingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na kuzunguka, halafu usingizi, halafu kifo. Kama wote nyumbani wana kichwa kizito wakati mmoja, tokeni nje mara moja! Mbabula ikae nje.

Tena, vumbi la madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mikojo ya watu wa Katanga. Waliokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana. Waliona pia risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Mtoto asiye na chuma cha kutosha mwilini anachukua risasi nyingi zaidi. Kwa hiyo baba, vua nguo za kazi mbele ya kubeba mtoto. Mama, osha mboga na mikono, na mwaga maji mbele ya kufagia.

5. MWENDO NA DAFTARI

Tembea kila siku, hata nusu saa. Fanya kazi moja, maliza, ndipo ushike ingine. Na andika. Tangu ile siku ya makaburini, jina la marehemu liko katika daftari langu, kwa herufi kubwa. Sioni haya.

WAKATI WA KWENDA KWA DAKTARI

Mazoea mazuri hayaponyi kila kitu. Malaria, ugonjwa wa sukari, kupunguka kwa damu, na huzuni nzito ya moyo vinaweza kufanya kichwa kuwa hivyo. Wengine walibaki nacho kwa miezi mingi baada ya Covid iliyofika nchini mwetu katika mwezi wa tatu wa 2020. Kama majuma mawili yamepita na huoni nafuu, nenda upimwe. Lakini kama kuna homa kali na kuchanganyikiwa, au mdomo umepinda ghafula, mkono umelegea, maneno hayatoki, usingoje hata saa moja.

MUNGU ALIANZA NA MKATE

Katika 1 Wafalme 19 Eliya alikimbia jangwani, amechoka mpaka anaomba kufa. Nilifundisha sura hiyo tangu shule ya Biblia na sikuiona. Malaika hakumkemea. Hakumwambia afunge. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Maneno makubwa yalikuja nyuma, mlimani.

Mimi nilimfanyia yule kijana kinyume. Nilikwenda kwao, nikapiga magoti mbele yake na mbele ya mama yake, nikaomba msamaha. Mama alinisimamisha, akaleta bukari na ndakala, akasema: "Kula kwanza, Pasta. Tutasema nyuma."

Ningali nafunga, na ningali naombea wagonjwa. Lakini leo mtu akija kwangu na kichwa kizito, ulizo langu la kwanza ni hili: "Jana ulikula nini?" Nimeona wengi wakianza kulia kwa ulizo hilo tu.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Nani kwetu analala chini ya saa saba? Nani anakwenda shuleni au kazini na chai tupu? Mbabula yetu inalala wapi?

Mungu awabariki ninyi na sahani zenu.

Mchungaji wenu