Mpwa Wangu, Nenda Ukakae na Mkutubi

Chilangala, Newala

Mpwa wangu mpenzi,

Huku mama yako mguu umepoa, mikorosho tunaipulizia salfa.

Nimesikia hukwenda Mtwara kwenye mafunzo ya maktaba, eti yote yapo kwenye simu. Jambo hilo limenikosesha raha.

Sipingi masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu Huria kimewasomesha watu majumbani mwao tangu miaka ya tisini, na kutoka huko uliko Masasi hadi Mtwara ni nauli. Kujua pa kubonyeza kwenye kanzidata, video yatosha, tena unairudia. Lakini ukizima kamera kuokoa bando, nani ataona ulipokwama?

Nilipokuwa nasomea ualimu niliingia Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Nilitaka habari za Newala ya zamani. Nikavuta droo ya kadi, herufi N, nikapekua hadi vidole vikachakaa. Hakuna. Mkutubi, mama wa makamo, alikuwa ananitazama. “Unataka Newala ya lini?” Ya Wajerumani. “Wakati huo nchi hii iliitwaje?” Akavuta droo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, tukampata mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906; kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909. Kabla hajanikabidhi akaniambia: huyu alikuwa mgeni wa serikali ya kikoloni, msome ukijua alikuja na nani. Sikuwa nimemuuliza hilo. Aliona usoni pangu kwamba nitaamini kila neno.

Wewe unatafiti ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Ukiandika “korosho Newala” utaletewa habari za mnada. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanapoandikia majarida ya nje huuita mkorosho Anacardium occidentale, na kuvu wa ubwiriunga Oidium anacardii. Huyo wa kukuuliza swali la pili ndiye uliyemkimbia.

Baba yako alisema kukusomesha ni kupoteza msimu. Mimi mjomba wako ndiye niliyeuza gunia la korosho ukaenda sekondari, na sijasahau maneno yale. Usimpe sababu ya kuyarudia.

Nauli nimempa mama yako akutumie. Mafunzo yakirudiwa nenda, ukae karibu na mkutubi, umwonyeshe ulichotafuta ukakosa.

Mjomba wako