Njiani Kwenda Kazini: Bonde la Mkondoa

Kijana wa pwani apewaye kazi ya ualimu Kondoa au Kongwa, zamani tegemeo lake lilikuwa gari la moshi. Reli hiyo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910. Baina ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto Mkondoa, na hapo ndipo penye taabu. Ugogo ni nchi kavu, lakini mvua ikipiga ardhi isiyo majani, maji hushuka na mchanga, mto ukafurika ukala tuta la reli. Mvua za Disemba 2009 na Januari 2010 ziliivunja sehemu hiyo, safari zikasita kwa miezi.

Nami nimepata kulala siku mbili katika stesheni ya njia hiyo, kazi yaningoja, wala hapana aliyejua lini tutaondoka. Baadhi ya abiria waligombana na mkuu wa stesheni (kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta mto!). Vijana wakauliza: tutimize sala au tupunguze? Katika madhehebu ya Shafi, atarajiaye kuondoka wakati wowote hupunguza hata siku 18. Aliyeazimia kukaa siku 4 kamili hutimiza. Jibu hilo liliwatuliza kuliko ahadi zote za stesheni.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hufika Dodoma, na barabara ya Kondoa ina lami. Hata hivyo, atakiwaye kuripoti Jumatatu wakati wa mvua na aondoke Ijumaa baada ya sala, ana tende, maji, na barua yake ya kazi ndani ya mfuko usiopenya maji.