Malipizi na Nia ya Kuacha



Mama mmoja wa jumuiya yetu, anayelea watoto wake kwa kuuza makala, aliniuliza: «Ikiwa Wazungu wana mashine za kusafisha hewa, mbona sisi twakatazwa kukata miti?»

Mashine hizo zipo kweli. Nchini Iceland, mtambo uitwao Mammoth ulianza kazi mwaka 2024. Feni kubwa huvuta hewa, vichujio hunasa kabonidioksidi, nayo huchanganywa na maji na kusukumwa ardhini, ambako hugeuka kuwa jiwe. Akili hiyo ni kipaji cha Mungu. Lakini mtambo huo ulijengwa uweze kuondoa tani 36,000 kwa mwaka, ilhali wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ni kuchota mto kwa kikombe.

Nchini mwetu Mungu ameweka ghala lake. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba mboji iliyo chini ya misitu ya majimaji, katikati ya bonde la Kongo, imehifadhi takribani tani bilioni 30 za kaboni, zilizokusanyika kwa maelfu ya miaka. Mboji hiyo ikikauka, kaboni yake hurudi hewani.

Kanisa hutufundisha kwamba mwenye kutubu hujuta, huungama na kufanya malipizi. Wala hakuna majuto ya kweli pasipo nia ya kuacha dhambi. Kusafisha hewa ni malipizi mema. Lakini anayelipa huku akikusudia kuchafua tena, huyo hajatubu. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudate Deum wa mwaka 2023, alituonya tusidhani kwamba ufundi peke yake utatuokoa.

Na yule mama? Kumwambia «usikate» na kumwacha hivyo, ni kumtwika malipizi ya dhambi za wengine. Waliochafua zaidi wana deni kwake: riziki nyingine, na nishati ya kupikia anayoweza kuinunua. Nasi tulio karibu naye tuanze na tuwezalo: mbabula zinazokula makala machache, miti ya kuni ipandwe kwenye viwanja vya parokia, na akiba ya pamoja ya kumsaidia aanze biashara nyingine.

Bwana atujalie majuto ya kweli, na mikono isiyochoka kutengeneza.